Nimepangiwa HGK, lakini ninachotaka ni umeme

Barua

Dada zangu wa safu hii, shikamooni.

Mimi ni binti wa miaka 17, naishi Singida. Kidato cha nne nimepata daraja la pili, pointi 21. Kiswahili nina B. Kiingereza, Fizikia, Biolojia, Jiografia na Uraia nina C. Hisabati, Kemia na Historia nina D. Majina ya kidato cha tano yametoka, nimepangiwa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) katika shule ya bweni mkoa mwingine, na tunaripoti mwezi wa saba.

Tangu kidato cha pili ninapenda umeme. Fundi akija nyumbani kufungua meinswichi, nasimama pale mpaka afunge kifuniko. Mwalimu wa Fizikia aliniambia niombe chuo cha ufundi, lakini baba hataki kusikia. Anasema kupanda nguzo si kazi ya mtoto wa kike, nisome HGK niwe mwalimu. Shangazi anasema niende VETA nianze kushika hela mapema. Jirani yetu ambaye ni fundi anasema wasichana wanaosoma umeme huishia stoo, wanagawa vifaa.

Nauliza: nikiacha HGK nitakuwa nimejiharibia? Kwa D ya Hisabati nitaweza kweli? Na haya ninayosikia, kwamba wasichana wakienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, wanasumbuliwa ndipo wasainiwe, nitajilindaje? Jambo jingine dogo: jina la babu kwenye cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na lililo kwenye matokeo. Lina shida?

Binti wa Singida

Jibu

Marahaba, mdogo wetu. Barua yako tumeisoma sote tunaojibu safu hii, wahandisi na mafundi sanifu wa umeme, na jibu letu ni moja: omba stashahada ya uhandisi wa umeme, na uombe wiki hii. Ila barua ya HGK usiichane.

Tuanze na majina ya kazi, kwa sababu nyumbani kwenu kila mtu anasema "umeme" akiwa na maana yake. Kuna fundi mchundo, anayefunga nyaya, soketi na mota kwa mikono yake. Huyu hupitia VETA, ngazi za NVA (tuzo za taifa za ufundi stadi) I mpaka III. Kuna fundi sanifu, anayesoma mchoro, anayepima, anayetafuta hitilafu na kusimamia mafundi michundo. Huyu ana stashahada, yaani NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 4, 5 na 6, miaka mitatu. Kisha kuna mhandisi, mwenye shahada na usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Shangazi anazungumzia ngazi ya kwanza na baba anaogopa nguzo. Mwalimu wako alikuwa anakuonyesha ngazi ya pili, na kwa matokeo yako ndiyo inayokufaa.

PCM, yaani tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati ya kidato cha tano, kwako imefungwa. Ukijumlisha Fizikia C, Kemia D na Hisabati D unapata 3 + 4 + 4, yaani 11, na tahasusi inatakiwa isizidi 10. Stashahada ya ufundi haikudai hivyo. Msingi wake ni ufaulu wa angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na kwa uhandisi vyuo hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia ziwemo. Wewe zote unazo. Soma mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huu, ukurasa wa chuo unachokitaka, kwa sababu kila chuo huongeza sharti lake. Angalia Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Omba zaidi ya kimoja. Ukitafuta chuo kingine, hakikisha kina ithibati ya NACTVET na kwamba kozi yenyewe imesajiliwa. Kuna waliosoma mwaka mzima kwenye chuo halali, kumbe kozi haikusajiliwa.

Sasa hesabu ya tarehe, maana hapa ndipo wengi hukosa vyote viwili. Kidato cha tano kinaanza mwezi wa saba. Vyuo vingi vinaanza baadaye, kwa kawaida karibu na mwezi wa kumi. Nafasi ya kidato cha tano haikungoji: asiyeripoti kwa wakati, nafasi yake hujazwa na mwingine. Kwa hiyo tuma maombi ya chuo sasa, na usinunue godoro wala sare mpaka siku za mwisho. Barua ya chuo ikifika kabla, umemaliza. Isipofika mpaka siku ya mwisho ya kuripoti, nenda HGK. Kukaa nyumbani miezi mitatu bila barua yoyote mkononi ni hatari kuliko kuanza shule kisha ukahama kwa utaratibu, ukiaga kwa mkuu wa shule na kuchukua vyeti vyako vyote.

VETA si njia mbaya, na tusimwambie shangazi kwamba amekosea. Kama ada ya miaka mitatu haipatikani kabisa, NVA ni kazi ya heshima, na mwenye NVA III pamoja na ufaulu wa kidato cha nne anaweza kuomba NTA 4 baadaye. Lakini mwenye D zako akianzia chini anazunguka njia ndefu bila sababu. Na stashahada haifungi shahada: ukimaliza na GPA (wastani wa alama zako za chuo) ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada ya kwanza ya uhandisi. Tangu siku ya kwanza chuoni, hesabu GPA yako kila muhula.

Kuhusu D ya Hisabati tutakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua. D ni alama 30 mpaka 44. Inakupa kiti darasani, basi. Anayeshindwa muhula wa kwanza mara nyingi haangushwi na umeme wenyewe, anaangushwa na mambo matatu: kugeuza kanuni, sehemu, na vipeo vya kumi.

Kugeuza kanuni ni hivi. Umepewa hita ya maji ya kilowati 3 kwenye umeme wa volti 230. Kanuni ni P = V × I, na unatafuta I. Anayejua kugeuza anaandika I = P ÷ V, anabadilisha kilowati 3 kuwa wati 3,000, anagawa kwa 230, anapata ampea 13. Kutoka hapo uamuzi unafuata: waya wa milimita za mraba 2.5, si ule wa 1.5 wa taa. Anayekosea kugeuza anaweza kuchukua waya wa taa. Hita itawaka vizuri tu siku ya kwanza, na ya pili. Waya ukiwa ndani ya bomba, pamoja na nyaya nyingine, unapata joto polepole, ganda linakuwa gumu, linapasuka, na miezi baadaye mwenye nyumba anasikia harufu ya plastiki usiku.

Sehemu nazo zinakusubiri kwenye vikinza (rezista) vilivyofungwa sambamba. Ukiwa na omu 6 na omu 3 sambamba, jibu si 9. Ni 1/6 + 1/3 = 3/6, kisha unapindua, omu 2. Mwanafunzi hujua kujumlisha halafu husahau kupindua. Vipeo vya kumi ndivyo vinavyotenganisha mili na kilo: kifaa cha kulinda mtu dhidi ya umeme unaovuja hukata kwa miliampea 30, yaani ampea 0.03. Ukisogeza nukta vibaya, umempa mtu ulinzi ambao haupo.

Una kama wiki 12 mpaka chuo kianze. Saa moja kila siku, siku tano kwa wiki, kwa vitabu vya kidato cha kwanza mpaka cha nne, usiruke ukajifanya mkubwa. Wiki tatu za kwanza ni sehemu, asilimia na vipeo. Wiki nne zinazofuata ni kugeuza kanuni tu, hata kanuni 20 kwa siku, mpaka mkono ufanye wenyewe. Kisha wiki tatu za Pythagoras na sini, kosini, tanjiti, kwa sababu umeme wa gridi ni wimbi la sini. Zile volti 230 tunazozitaja ni thamani fanisi (RMS), si kilele cha wimbi. Kilele chake kinafika kama 325. Wiki mbili za mwisho ni grafu. Nunua kikokotoo cha kisayansi mapema ukizoee. Kipime hivi: bonyeza sini ya 30. Kikikupa 0.5 kiko kwenye digrii. Kikikupa hasi 0.988 kiko kwenye radiani, na ukiingia nacho hivyo kwenye mtihani utakosa swali zima ukiwa unalijua.

Baba sasa. Hofu yake ni ya mzazi, msimjibu kwa ukali. Anachokiona ni nguzo, kwa sababu nguzo ndizo zilizo barabarani. Mwonyeshe kisichoonekana. Njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kwenda Shinyanga inapita Dodoma na hapo kwenu Singida, na vituo vyake vya kupoza umeme vinahitaji watu wa kusoma mita, kujaribu vifaa vya ulinzi na kuandika taarifa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Treni ya SGR inatembea kwa umeme. Hospitali zina jenereta na mashine, viwanda vina mota na paneli za kuendeshea mota. Kwenye matangazo ya ajira serikalini, tafuta maneno "Fundi Sanifu Daraja la II (Umeme)", uyachape, umpelekee baba ayasome mwenyewe. Mpe na karatasi moja yenye ada ya chuo, malazi, nauli na vifaa, upande wa pili gharama za HGK kisha chuo cha ualimu. Wazazi wengi hukataa jambo wasilojua bei yake wala mwisho wake. Mwalimu wa Fizikia akija jioni moja kuzungumza naye, itasaidia kuliko wewe na mama mkiongea peke yenu.

Mwambie ukweli pia kwamba kazi ina hatari, na kwamba hatari hiyo ina utaratibu wake. Kabla ya kugusa, fundi anazima, anafunga swichi kwa kufuli yake mwenyewe, anaweka kibao, kisha anapima. Kupima kuna hatua tatu. Kwanza unapima mahali unapojua umeme upo, uone mita inafanya kazi. Halafu unapima pale unapotaka kushika. Halafu unarudi kupima pale pa kwanza, kuhakikisha mita haikufa katikati. Wengi huruka hatua ya tatu, na mita iliyokufa huonyesha sifuri ileile ya waya usio na umeme. Ngazi ya kuegemea: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Bangili, mkufu na pete huvuliwa. Ukivaa hijabu, iwe fupi, ya pamba, imechomekwa ndani ya kola. Nguvu za mwili hazina uzito watu wanaoupa. Bomba la milimita 20 hukunjwa kwa springi na goti. Anayelikunja kwa mabavu bila springi hulibonyeza, na waya haupiti.

Jirani anaposema wasichana huishia stoo, hakudanganya, na ni vizuri ujue inavyotokea. Unafika fildi, wavulana wanatumwa kazini, wewe unaambiwa "una mwandiko mzuri, tusaidie hapa ofisini". Siku ya kwanza inaonekana heshima. Wiki ya tatu bado uko pale, na kitabu chako cha kumbukumbu kina "kupokea bidhaa" kurasa nane. Zuia mapema. Wiki ya kwanza mwombe msimamizi ratiba ya maandishi: wiki hii karakana, ijayo mota, ijayo vipimo. Ukipewa kazi ya ofisi, ifanye vizuri, kisha siku hiyohiyo uliza unaungana na timu gani kesho asubuhi. Njoo na buti za usalama na bisibisi zako kila siku, hata ukipangiwa ofisi. Mwenye vifaa mkononi ndiye anayeitwa gari likiondoka. Kila siku chora kitu kwenye kitabu, hata saketi ya swichi moja na taa moja. Na kabla hujakubali sehemu ya fildi, uliza choo kiko wapi. Kuna saiti zisizo nacho, na msichana anayejizuia maji siku nzima kwenye jua la Singida anaumwa.

Suala la kusumbuliwa lina mzizi mmoja mkubwa: saini ya mwisho. Msimamizi akikaa na kitabu chako mpaka siku ya kuondoka, amekushika. Kwa hiyo saini ichukuliwe kila Ijumaa, bila kukosa, mchana, ofisini. Ukikosa Ijumaa moja, ichukue Jumatatu. Mpaka mwisho wa fildi anakuwa amebakiwa na wiki moja tu ya kukunyima. Usikubali kwenda kusainiwa hotelini, nyumbani au baa, hata ukiambiwa mko wengi. Akianza maneno, andika tarehe, saa, mahali na alichosema, usifute ujumbe wa simu, na siku hiyohiyo mjulishe mratibu wa mafunzo wa chuoni kwa maandishi. Kudai ngono ili kutoa huduma au upendeleo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu namba 113, bure, na dawati la jinsia liko polisi. Anayestahili aibu ni yeye. Wewe hujafanya kosa kwa kuvaa suruali ya kazi na kwenda fildi.

Fedha: Bodi ya Mikopo siku hizi hukopesha pia wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, soma orodha ya mwaka huu kabla hujahesabu mkopo kama fedha iliyopo. Vifaa usinunue kwa pamoja. Anza na testa, bisibisi bapa na ya nyota, plaizi ya mpini uliofunikwa, na kisu cha kumenyea waya. Mita ya kupimia subiri mpaka uweze kununua yenye alama ya CAT III 600 V (daraja la usalama wa mita) kwenye mwili wake. Zile za bei ya chini kabisa zinaweza kupasuka mkononi ukizigusisha kwenye meinswichi.

Na hilo uliloliita dogo, jina la babu, ni kubwa kuliko yote uliyouliza, na bahati yako ni kwamba una miaka 17. Cheti cha NECTA, baraza la mitihani, ni kigumu sana kubadilisha. Cheti cha kuzaliwa kinarekebishika kwa msajili wa wilaya au RITA, wakala wa usajili wa vizazi, ukienda na mzazi, vyeti vya shule na ushahidi watakaoutaka. Ukifika miaka 18 utajiandikisha NIDA upate kitambulisho cha taifa, na jina litakaloingia huko ndilo litakalokufuata. Kwa hiyo rekebisha cheti cha kuzaliwa kifanane na matokeo, herufi kwa herufi, kabla ya NIDA. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwenye maombi ya ajira serikalini jina lisilofanana huwaondoa watu wenye sifa zote. Hayo maombi pia hayapokei karatasi ya matokeo ya muda, ni cheti chenyewe. Kwa hiyo cheti chako cha kidato cha nne kikitoka, kakichukue shuleni mara moja, utoe nakala na kukihifadhi pakavu.

Jumatatu asubuhi nenda na mama kwa msajili wa wilaya, mchana fungueni maombi ya chuo. Baba mtamkalisha jioni, karatasi ya gharama ikiwa tayari mezani.